Kifuniko Tusichokifungua

Mwanangu Tatu,

Salamu sikuandikii. Shikamoo yako ya asubuhi nimeshaiitikia, na ukirudi kutoka kusuka utanipa nyingine. Umekwenda kwa Mwanaidi, na Mwanaidi hawezi kusuka na kuongea kwa wakati mmoja, wala kuongea hawezi kuacha, kwa hiyo nina saa tatu au nne za kukaa na kalamu bila wewe kunichungulia. Haya ninayoyaandika nimejaribu kuyasema kwa mdomo tangu Jumatatu. Kila nikifungua kinywa yanatoka ya chandarua na ya kutonunua mayai ya kuchemsha njiani.

Basi ya chandarua tuyaache. Shangazi yako ameshakwambia hayo yote mpaka umeanza kumwitikia kabla hajamaliza, na mafuta ya nazi yamo kwenye begi la bluu. Nataka kuzungumza nawe juu ya kazi unayoiendea. Kazi hiyo niliifanya kabla yako, na kuna siku moja niliiharibu vibaya.

Kwanza huyo bosi wako mpya. Nimeusoma ujumbe wake uliponionyesha, na tangu siku ile ananikera. Amekuita "mwanangu" na hajakuona hata kivuli. Amesema karibu sana, hapa kwetu hakuna matatizo, mabwawa yetu ni masafi na mto wetu ni salama. Tatu, mji mdogo, mabwawa matatu ya majitaka, mto unapita chini yake, na hakuna matatizo? Mtu anayekupa majibu kabla hujapima anataka nini? Huenda ni mtu mwema anayependa wageni. Huenda. Lakini ukifika, nenda kautazame mto wenyewe, juu ya mabwawa na chini yake, kabla hujanywa chai yake.

Na hiyo nyumba ya kazini waliyokuahidi bure, yenye umeme na maji, mbona aliyekuwa akikaa humo ameondoka? Uliza. Uliza kwa upole, lakini uliza watu wawili tofauti.

Unacheka, nakujua. Unasema mama ameanza. Baba yako naye, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka hivyo hivyo. Akiniambia, "Mama Tatu, ukimchunguza sana bata, huwezi kumla." Nami nikimjibu kwamba bata wangu nitamla, ila nataka nijue kwanza yeye alikula nini.

Wewe umesoma, una cheti, unajua majina ya vijidudu vyote. Mimi mabwawani niliingia kwa kufyeka nyasi. Wakaona nafika mapema kuliko wenye vyeo, wakanipa chupa za kuchukulia maji ya kupimwa, na baadaye wakanipa na kazi ya getini. Hakuna aliyenifundisha darasani. Nilijifunza kwa kutazama. Majitaka yanaingia bwawa la kwanza, yanatulia, yanasogea la pili, kisha la tatu, jua na siku zinafanya kazi yake, ndipo yanaachiwa yaende mtoni. Bwawa zuri ni la kijani. Likigeuka la waridi limezidiwa. Na maji ya kutokea yakiwa meupe ghafla siku ya wakaguzi, yanang'aa kama ya kunywa, ujue kuna mtu amefungulia bomba la maji safi mahali.

Halafu magari. Magari ya kunyonya vyoo yalikuja kumwaga kwetu kutoka kila upande, na madereva wakawa na ujanja wao. Gari limejaza Ubungo, linafika getini nusu. Nusu nyingine imebaki wapi? Nikawa nagonga tangi kwa jiwe. Lililojaa linatoa sauti nzito, lililopungua linalia. Nikawa natazama na magurudumu. Dereva anaapa amepita lami tupu, na gurudumu lina mchanga mweupe wa mtoni. Niliwakamata watatu kwa namna hiyo, na madereva wakanibatiza jina, Mama Pua. Walidhani wananitukana. Nililipenda jina lile, Tatu. Nakuandikia hivyo ili ujue ugonjwa ulianzia wapi. Nililipenda mno.

Mtaani wakasikia, wakaniingiza kwenye kamati ya mazingira. Hapo ndipo nilipoanza kugonga milango ya watu kwa ajili ya kutapisha. Wewe umekulia humu, neno hili unalijua, lakini huko uendako huenda wana jina jingine, kwa hiyo ulitafute. Masika yakikaza, shimo la choo limejaa, gari haliwezi kuingia uchochoroni, na mwenye nyumba anatoboa shimo kwa ubavuni. Mvua inabeba kila kitu hadi mtaroni, mtaro unapeleka mtoni. Asubuhi shimo liko tupu na mtu anakwambia mvua ni ya Mungu. Sisi tuliokulia bondeni tumeona kutapisha tangu utoto, hata haya hatuoni. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikawaambia kwamba mto ule ule ndio unaomwagilia mchicha tunaokula. Walinisikiliza wakanipa kiti, na nikigeuka walinong'ona.

Masika yale ulipokuwa na miaka tisa, pale mtaro wetu unapoingia mtoni palinuka kupita miaka yote. Kina mama wa mchicha walihamisha ndoo zao wakachota juu zaidi. Watoto wa nyumba za chini wakaanza kuharisha, wawili wakalazwa. Walipona, namshukuru Mungu, lakini wakati ule hatukujua kama watapona. Nilisema aliyefanya hivi nitamtoa hadharani. Nilisema mbele ya watu, na Mama Pua akisema hadharani hawezi tena kurudi nyuma.

Nikamshuku Bwana Nassoro.

Unamkumbuka kidogo. Duka la kona, kofia nyeupe, na mkono uliokuwa ukikutilia kashata kwenye mfuko wa sukari uliyotumwa. Watu walimwita Mwarabu, na babu yake amezikwa makaburi yale yale alikozikwa babu yangu. Nyuma ya duka alikuwa na vyumba sita vya wapangaji. Nilihesabu vichwa: watu ishirini, choo kimoja, na gari la kunyonya sikuwahi kuliona mlangoni kwake hata mara moja. Sasa yanakwenda wapi? Hadi leo naliona lilikuwa swali zuri. Nilimwuliza mwenyewe, akaniambia gari linakuja Ijumaa asubuhi, na Ijumaa asubuhi mimi niko kazini. Jibu lile nililiona limekaa tayari mno mdomoni.

Nilitazama daftari la getini. Kulikuwa na gari kutoka mtaani kwetu, Ijumaa, mwisho wa mwezi, tena na tena. Lakini daftari letu lilikuwa linaandika mtaa, nyumba halikuandika. Nikasema hilo gari ni la mtu mwingine. Ona ninavyokuambia: ushahidi wa kumtetea nilikuwa nao mkononi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na niliufunga.

Wazo la rangi lilikuwa langu. Jumamosi nilikuwa nimechemsha ukindu wa mkeka wa harusi ya binti wa shangazi yako, rangi ya zambarau, ile inayokamata hata jiwe. Sufuria lile kubwa lilibaki na rangi zaidi ya nusu. Nikamwambia afisa afya wa kata tufanye hivi: tumwage rangi chooni kwa Nassoro na maji mengi, kisha tukasimame mtoni kwenye mdomo wa mtaro. Ikitokea, tumempata. Alikuwa kijana mwenye haraka, akaona ni akili kubwa. Mjumbe wa mtaa naye akakubali.

Jumapili asubuhi nikateka ndoo moja ya rangi, nikaondoka nayo. Wewe nikakuachia kazi ya kuosha vyombo, na sufuria la ukindu likiwa miongoni mwake.

Tulimwaga kwa Nassoro, tukasukuma na ndoo nane za maji. Yeye alitufungulia mlango mwenyewe, hakuuliza mengi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Tukashuka mtoni, na watu wakatufuata, maana habari ilishafika. Tulikaa kama saa nzima. Kisha mtaro ukaanza kutoa uzi mwembamba wa zambarau, ukanenepa, ukaingia mtoni na kuchora mstari ambao hata mtoto angeuona. Watu walipiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Nilisimama tu, nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena maishani.

Bwana Nassoro alishuka na kandambili zake akasimama mbele yangu. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mama Tatu, rangi mliyomwaga kwangu imo shimoni. Twendeni mkafungue kifuniko muione."

Kifuniko cha shimo lake kilikuwa cha zege, kimezibwa kwa saruji pembeni. Kukifungua kulitaka tindo, nyundo na muda. Mvua ilikuwa inazidi. Afisa afya akanigeukia mimi, mwenye mamlaka akamgeukia mfyeka nyasi, akaniuliza naonaje. Nikasema, "Tumeshaona mtoni. Tunatafuta nini tena?"

Hivyo tu, mwanangu. Sikusema uongo. Nilichokiona nilikiona kweli, na watu kama mia walikiona. Nimeyageuza maneno yale kwa miaka na sijapata ndani yake neno moja la uongo. Ndiyo maana nakuandikia. Kukuonya juu ya uongo kungekuwa rahisi.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho ya kitoto, nikukumbushe tu. Alipigwa faini, hilo lilikuwa dogo. Watu waliacha kununua kwake. Unga wa Nassoro, mchele wa Nassoro, kila kitu kikasemwa kinanuka. Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Wengine wakaongeza maneno ya asili yake, kwamba hawa hawana uchungu na hapa, na mimi nilikuwepo nikayasikia nikanyamaza, kwa sababu yalikuwa yananipa haki. Masika yaliyofuata hayakumkuta. Aliuza nyumba akahamia Tabata kwa mwanawe. Siku anaondoka alipita akagonga kwetu akaaga, na mimi nilijifanya niko bafuni.

Mto haukupona, na hilo lilitakiwa kuniamsha. Mwaka uliofuata pakanuka vile vile, pale pale. Nikashuku mwenye nyumba mpya. Nikashuku madereva. Nikashuku hata kina mama wa mchicha, eti wanatia mbolea mbichi. Nilishuku mtaa mzima mpaka watu wakawa wanavuka upande wa pili wakiniona. Kuna nyumba moja tu sikuigonga.

Sasa nakuja kwenye lililo gumu, na nakuomba radhi, kwa sababu linamgusa baba yako na kesho unaondoka.

Choo chetu hakikujaa. Mpaka masika yale ilikuwa miaka sita, masika na vuli, majirani wanalia, sisi shwari. Nyumba yetu iko chini kuliko ya Nassoro. Uchochoro wetu gari halipiti. Watu saba tulikuwa tunaishi humu na bibi yako. Na mimi, niliyehesabu vichwa vya wapangaji wa watu, sikuhesabu vya kwangu. Nilimsifu baba yako. Nilisema mbele ya majirani kwamba nimeolewa na fundi bomba anayejua kuchimba, si hawa wenu. Yeye alikuwa anaondoka barazani nikianza sifa hizo. Nilidhani ni unyenyekevu.

Mwaka juzi, baada ya kumzika, uliporudi chuoni, niliita fundi achimbe choo kipya kule uani. Alipovunja cha zamani akaniita. Ubavuni, karibu na juu, kulikuwa na bomba la plastiki la inchi nne, limejengewa vizuri kwa saruji, kazi safi ya mtu anayejua kazi. Linapita chini ya ukuta hadi mtaroni. Shimo likifika kimo kile, linajimwaga lenyewe. Halingoji hata mvua. Fundi akasema, "Mama, hili bomba si mnalijua nyie?" Nikamwambia silijui. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nilikaa juu ya ndoo pale pale, na kitu kilichonijia si bomba. Ni mikono yako. Jumapili ile niliporudi kutoka mtoni na ushindi wangu nilikukuta na mikono ya zambarau mpaka kwenye viwiko. Ulikwenda madrasa hivyo wiki nzima, wenzako wakakucheka, na mimi nikakugombeza kwamba umechezea rangi. Hukuchezea. Ulikuwa umeosha sufuria kama nilivyokufundisha, na rangi hukuimwaga uani kwa sababu nilikukataza isichafue sakafu. Uliimwaga chooni. Shimo letu lilikuwa limejaa hadi kwenye bomba, na kila ulichomimina kilikwenda moja kwa moja mtaroni.

Wewe huna kosa hata chembe. Narudia, huna. Ulikuwa mtoto mtiifu na sufuria chafu.

Hata hapo nilitafuta pa kujificha. Nikasema huenda shimo la Nassoro nalo lilikuwa linavuja, rangi mbili zikakutana. Nikamtafuta dereva mmoja wa zamani, yule niliyemkamata kwa mchanga wa magurudumu, siku hizi anaegesha Gongo la Mboto. Nikamwuliza kama aliwahi kunyonya kwa Bwana Nassoro. Akasema kila mwisho wa mwezi, Ijumaa, miaka na miaka, mpira ukipita kwenye bomba la hewa bila kugusa kifuniko. Kisha akacheka akaniambia kuna Ijumaa moja alinyonya maji ya zambarau tupu, akadhani mle ndani wamemwaga wino wa shule, akaja kuyamwaga kwetu mabwawani, na siku hiyo mimi sikuwa zamu. Nilimwuliza mbona hakusema.

"Hukuniuliza, Mama Pua. Wewe na sie ilikuwa kutugongea tangi tu."

Nilirudi nyumbani nikamwambia fundi alikate bomba, alizibe, afukie, na asimwambie mtu. Akafanya. Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na ningeweza kuishi nalo. Hili la pili nililifanya nikiwa na macho yangu mawili, mchana, nimesimama juu ya udongo. Huu ni mwaka wa pili nimelinyamazia. Nimekwenda kwenye vikao vya kamati, nimeshika kipaza sauti, nimewaambia watu walinde mto.

Baba yako namkasirikia na namkumbuka, vyote kwa siku moja. Najua kwa nini alifanya. Gari haliingii, shimo linajaa, na mke wake ndiye anayepiga marufuku kutapisha, angemwambiaje? Nyumba yenye mama mkali wa milango ya watu haikuwa na mlango wa kupitishia jambo kama hilo. Hilo nimelikubali, ni langu. Lakini kuna jingine linaloniuma. Jumapili ile naye alikuwa mtoni. Alisimama nyuma ya watu. Jioni hakula, akasema tumbo. Aliona zambarau, akaona mikono yako, na alikuwa fundi bomba. Alijua, Tatu. Nashuku alijua, na sina tena wa kumwuliza. Usimchukie. Mimi nimejaribu kumchukia nikashindwa, nikaishia kuosha shati lake lile la kazi.

Sikuambii uache kushuku. Maji hayana mdomo, na bila mtu wa kuyashuku yatakunywesha chochote. Gonga matangi. Chukua chupa zako asubuhi, mchana na jioni, na siku za mvua uchukue mwenyewe, usipokee chupa iliyojazwa na mtu mwingine. Wakikuletea karatasi ya siku ambayo hukwenda, usitie sahihi. Ila ukishapata jibu unalolitaka, lile linalokupa raha kifuani, hapo ndipo ukae chini uanze upya. Mimi shaka yangu ilijua njia ya kwenda kwa majirani tu. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo juu ya watu wengine.

Mwezi uliopita nilikwenda Tabata. Nilikuaga kwamba nakwenda kwenye hitma. Mwanawe ana duka la vifaa vya ujenzi, na Bwana Nassoro anakaa barazani mbele yake, amezeeka, jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti. Akaagiza kahawa. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, neno la kwanza mpaka la mwisho. Nikamwambia nilikuwa napita. Nikamwambia Tatu amepata kazi ya kupima maji, mji mdogo huko bara. Alifurahi kweli, akasema hiyo ni kazi ya kuaminiwa, Mungu akusimamie.

Kisha akaniuliza kuhusu mto, kama ulipona.

Na kweli umepona, pale petu. Tangu bomba lizibwe, kina mama wa mchicha wamerudi kuchota palepale mdomo wa mtaro. Nikamjibu kwamba umepona.

Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Alhamdulillah. Basi haikuwa bure."

Nilimaliza kahawa yangu, Tatu. Niliimaliza nikaaga, nikaondoka na kashata alizonifungia nikuletee. Zile ulizokula ukaniuliza hitma ilikuwa ya nani.

Barua hii nilikusudia kuitia chini ya begi, ndani ya kitenge kile kipya, uikute ukifika. Nimefika nayo mpaka kwenye zipu. Halafu nikajishuku. Mama anayeungama kwa mtoto aliye safari ya siku nzima kutoka nyumbani, anaungama au anatua mzigo tu? Ungelia huko peke yako, ungenipigia simu, ningekuambia tutaongea ukija likizo, na Bwana Nassoro angekufa barazani kwake akiwa bado mchafuzi wa mto machoni pa watu. Kwa hiyo utaipata leo, mkononi, ukimaliza kula. Ukitaka kukasirika kasirika hapa hapa, nipo.

Umeniuliza tangu jana kwa nini nimemwambia Hamisi wa bajaji aje saa kumi na mbili wakati basi lako linaondoka saa nne. Nikakujibu foleni. Hukuniamini, na ulifanya vizuri. Tunapitia Tabata. Bwana Nassoro hukaa barazani tangu anapotoka msikitini alfajiri. Nitashuka peke yangu. Wewe utabaki kwenye bajaji na mabegi yako, na nakuomba kitu kimoja tu kabla hujaniacha: tazama saa. Jambo hili halisemeki kwa dakika mbili. Nikirudi upesi, nimetabasamu, nikakwambia nimeshamwambia, amenisamehe, yamekwisha, twende tutachelewa basi, usiniamini mwanangu. Nirudishe.

Mama yako